Mshumaa Chini ya Shamba

Juzi nilishuka Karatina kununua viazi, nikapita mbele ya duka moja la mikate wakati mwenyewe anatoa trei kwenye joko. Harufu ya iliki ikanisimamisha. Haikuwa iliki ya chai, ambayo nimeizoea kama harufu ya nguo zangu, bali iliki iliyookwa ndani ya unga wa ngano pamoja na siagi na sukari. Mama aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza kama nimeangusha kitu. Nilimwambia hapana, nikasogea kando, lakini niliendelea kusimama pale ukutani na viazi vyangu. Mbele ya macho yangu nilikuwa naona jikoni kwetu Ruring'u, na mtoto wa rangi ya chai yenye maziwa mengi akila mkate kama huo bila kusema neno.

Mtoto huyo aliitwa Aino, na alikuwa binamu yangu. Mama yake, Tata Wangari, ni dada mdogo wa baba. Kwetu shangazi tunamwita tata. Tata alienda Finland kusomea uuguzi kabla sijazaliwa, akapata kazi huko, akaolewa na seremala Mfini. Mwaka ninaouzungumzia, huyo mume alifariki. Sisi tuliletewa habari kwa simu, Shosho akalia, watu wa kanisa wakaja kutuombea, kisha maisha yakaendelea kwa sababu hatukuwa tumewahi kumwona mtu huyo kwa macho. Shosho ndiye aliyewazaa baba na Tata. Shamba tulilokaa lilikuwa lake, nje kidogo ya Ruring'u, pale ambapo nyumba za mji zinaisha na kahawa inaanza.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ilipofika, Tata alimleta Aino, akakaa nasi wiki moja, akarudi kazini. Alikuwa kwenye zamu za usiku na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Aino angebaki kwetu mpaka shule zifunguliwe. Tulikuwa rika moja. Alijua Kiswahili cha mama yake, kile cha nyumbani, chenye maneno machache lakini yanayofika.

Siku ya mwisho Tata alioka mkate wa iliki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, huku akizungumza na mama. Mimi nilikuwa pembeni nikimenya viazi, na unajua jinsi watu wazima wanavyosahau kwamba anayemenya viazi ana masikio.

"Huyu mtoto hajalia," Tata alisema. "Tangu tumzike baba yake, hata tone. Ananitazama tu."

"Atalia akiwa tayari," mama akamjibu.

"Naogopa Krismasi. Krismasi yetu yote ilikuwa ni ya baba yake, yeye ndiye alikuwa anaipanga. Mama Nyambura, siku hiyo akiomba kitu, mpe. Hata kama ni kitu cha ajabu."

"Nitampa," mama akasema. "Mtoto ataomba nini kinishinde?"

Mama alifundisha watoto wa nasari, na aliamini hakuna jambo duniani lisiloweza kueleweka watu wakiketi chini wakaulizana. Aliamua kwamba kila jioni, baada ya kula, Aino atatufundisha jambo moja la kwao na sisi tutamfundisha moja la kwetu. Nilifikiri tutajifunza nyimbo. Hakuna aliyenionya kwamba likizo ile yote ningeipitisha mdomo wazi.

Mshtuko wa kwanza ulitupata mezani. Baba alikuwa msimamizi wa kiwanda cha kahawa, pale wakulima wanapopeleka mavuno yao, na wazee waliomzidi umri walimvulia kofia. Mama alimwita Baba Nyambura. Majirani walimwita Baba Nyambura. Hata Shosho, aliyemzaa, alimwita hivyo. Jioni hiyo Aino alinyoosha mkono juu ya sahani ya ugali, akasema kwa utulivu kabisa, "Karanja, nipe chumvi."

Kijiko cha Shosho kilisimama kati ya sahani na mdomo. Mimi niliangalia mlango, nikapima umbali.

"Ati ameniita nani?" baba akauliza.

"Karanja," Aino akarudia, kwa sauti ya juu kidogo, akidhani hakusikia.

"Ngai!" Shosho akatua kijiko. "Mtoto anamwita mtu mzima jina kama anaita mbuzi!"

Mama aliuma mdomo kuzuia kicheko. "Aino, kwenu unamwitaje mwalimu wako?"

"Tuula."

"Na mama ya rafiki yako?"

"Sari."

"Na hiyo si kumkosea adabu?"

Aino alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ni jina lake," akasema.

Baba alichukua kile kikopo cha chumvi, akakizungusha mkononi, akampa. "Haya," akasema. "Miaka mingi hakuna mtu ameniita hivyo. Nilikuwa karibu kulisahau." Tangu siku hiyo ilikuwa ruhusa ya Aino peke yake. Nilipojaribu mimi kesho yake, nilipewa jicho ambalo nalikumbuka mpaka leo.

Mshtuko wa pili ulimpata jirani yetu aliyekuja na bakuli la mukimo, viazi na mahindi na majani ya maboga vilivyopondwa pamoja, ili kumkaribisha mgeni. Alikaa akimtazama Aino akila, na alipomaliza akamwuliza, "Umependa?"

"Hapana," Aino akasema. "Lakini asante."

Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Jirani alicheka kicheko kile cha mtu aliyekanyagwa kidole na hataki ijulikane. Baada ya yeye kuondoka, mama alimkalisha Aino na kumwuliza, na Aino akaeleza kwamba kwao mtu akikuuliza swali anataka jibu. Ukisema ndiyo, maana yake ni ndiyo. Wiki ijayo utaletewa tena mukimo. Mama alitugeukia akasema ni jambo zuri ukilifikiria, kwa sababu mtu kama huyo akikusifu unajua umesifiwa.

"Huyo hawezi kuuza hata kitunguu sokoni Karatina," Shosho akasema.

Kisha ikaja jioni ya sauna. Aino alieleza kwa mikono zaidi kuliko maneno: chumba kidogo cha mbao, jiko lenye mawe, unamwaga maji juu ya mawe, mvuke unapanda, unakaa humo unatoka jasho mpaka unasikia umekuwa mwepesi.

"Kama kujifukiza ukiwa na homa," mama akasema.

"Ndiyo. Lakini huna homa."

"Na nguo?" Shosho akauliza.

"Hakuna nguo."

"Unaingia peke yako?"

"Na mama. Na baba. Na shosho wa upande wa baba."

Shosho aliinuka polepole, akatoka nje, tukamsikia akizungumza na ng'ombe. Aliporudi aliuliza swali moja tu. "Na Wangari, huyu mtoto wangu niliyemlea kanisani, naye huingia humo?" Kila mtu akakumbuka ana kazi mahali.

Ningeweza kuendelea. Kulikuwa na suala la dirisha, ambalo Aino alilala likiwa wazi, baridi ya Nyeri ikiingia kama mgeni aliyealikwa. Kulikuwa na suala la kahawa, ambalo lilitushangaza pande zote mbili. Tulimwambia kwamba sisi tunaichuma lakini tunakunywa chai. Yeye akatuambia kwamba kwao kahawa inanywewa asubuhi, mchana na jioni, na mti wake hajawahi kuuona. Lakini nataka nikufikishe chini ya shamba, kwa sababu huko ndiko yote haya yalikokuwa yanaelekea, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Desemba ni wakati wa kuchuma. Siku moja mimi na Aino tulikuwa tumeshuka na ndoo zetu mpaka mstari wa mwisho wa kahawa, ambapo shamba linaanza kuteremkia mtoni. Aliona mawe yaliyopangwa kuzunguka kituta kidogo, nyasi zikiwa zimekifunika, na msalaba wa mbao ulioinama.

"Nani yuko hapa?" akauliza.

"Hatuendi hapo."

"Nani?"

Niliangalia juu kuona kama kuna mtu. "Ndirangu. Alikuwa kaka yangu."

Kabla sijaendelea, nikueleze kidogo kuhusu sisi, kama hukukulia upande huo. Kwetu tunazika kwa umati. Turubai inasimamishwa, kwaya inakuja, hotuba zinasomwa, watu wanapikiwa, na kwa siku kadhaa huwezi kusikia mawazo yako mwenyewe. Halafu kunakuwa kimya. Kaburi liko pale pale shambani, unaliona ukienda kukata majani ya ng'ombe, lakini huendi kulitembelea, na nyasi zinaachiwa kazi yao. Na marehemu akiwa mtoto, hata jina lake linafunikwa. Wazee walikuwa na sababu zao. Waliogopa kifo kuliko tunavyoogopa sisi, na waliona kukitaja ni kukiita.

Mimi hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba siku moja Shosho aliteleza ulimi akasema "Ndirangu" jikoni, na mama akaacha unga aliokuwa anakanda, akatoka, na hakurudi mpaka giza. Na nilijua jambo lingine: kwamba baba alikuwa na ndugu mdogo, Githinji, aliyeuza ng'ombe wa Shosho bila ruhusa akatorokea Nairobi, na tangu hapo jina lake lilikuwa mwiko nyumbani. Basi nikaweka haya mawili pamoja, kama mtoto anavyofanya, na jibu likawa wazi kama mchana.

"Alifanya makosa," nikamwambia Aino.

"Makosa gani?"

"Sijui. Makubwa. Ndiyo maana hatajwi."

"Alikuwa na umri gani?"

"Miaka minne."

Aino alifikiri kwa muda, akiangalia ule msalaba. Akarudi kuchuma.

Sikumwambia iliyobaki, yaani kwamba kwa sababu ya Ndirangu nilikuwa mtoto mwema kuliko watoto wote wa Ruring'u. Niliosha vyombo kabla sijaagizwa. Sikujibizana na mtu. Watu walimsifu mama kwa malezi yake, na mimi kila waliposifu nilijua kilichokuwa kinanisukuma: kama mtoto wa miaka minne anaweza kukosa mpaka jina lake lifutwe, na langu linaweza.

Mkesha wa Krismasi ukafika. Kwa Wafini, Aino alitueleza, mkesha ndio Krismasi yenyewe. Kesho yake ni ya kupumzika tu. Asubuhi alimwendea mama akiwa ameshika mikono nyuma, akaomba uji wa mchele. Mjomba wangu wa Kutus alikuwa ametuletea mchele mzuri wa kule Mwea, unaonukia, uliowekwa kando kwa pilau ya sikukuu. Aino alitaka upikwe kwa maziwa, polepole, mpaka uwe uji, utiwe sukari na mdalasini.

"Mchele wa Krismasi," Shosho akasema, "muupike uji kama wa mgonjwa!"

Mama aliupika. Niliona mabega yake yakilegea alipokuwa anakoroga. Alifikiri kwamba hicho ndicho kile kitu cha ajabu alichoahidi, na kwamba kimekwisha. Aino alikula bakuli zima.

"Ni mzuri," akasema. "Si kama wa baba. Lakini ni mzuri."

Mama akafurahi, kwa kuwa sasa tulijua sifa ya Aino ni sifa. Kisha Aino akapangusa mdomo. "Kaburini tunaenda saa ngapi?"

"Kaburi gani?" mama akauliza.

Na Aino, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno matatu, akazungumza kuliko siku zote alizokaa kwetu. Alisema kwamba kwao, mkesha wa Krismasi jua likishazama, na huko linazama mapema mno, familia zote zinavaa makoti na kwenda makaburini. Kila kaburi linawekewa mshumaa ndani ya kikopo usizimwe na upepo. Theluji inakuwa nyeupe, na makaburi yote yanawaka, mamia, huwezi hata kuogopa. Hakuna hotuba. Watu wanasimama tu, halafu wanarudi nyumbani kula.

"Lakini baba yako yuko mbali," mama akasema kwa upole.

"Najua. Kuna mahali pa watu ambao mtu wao yuko mbali. Katika kila makaburi kuna jiwe moja. Unawasha hapo." Akatutazama mmoja mmoja. "Hapa jiwe hilo liko wapi?"

Shosho alikuwa ameshika kifua. "Siku anayozaliwa Mwokozi," akasema, "ndiyo siku ya kuwaendea wafu?"

Nilimtazama mama. Nilikuwa nimemwona akikubali chumvi, mukimo, sauna, dirisha na mchele. Sasa uso wake ulikuwa umefungwa kama duka.

"Hapa hatufanyi hivyo, Aino," akasema. "Tutawasha mshumaa hapa mezani, tumwombee baba yako."

"Mezani si kaburi."

"Mezani," mama akasema, na akaanza kukusanya mabakuli kwa kelele.

Jioni baba alirudi na nyama. Mama alikuwa anasukuma chapati na mimi nazipanga. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima ya Nyandarua, na kulikuwa na ule mwanga wa dakika chache ambao unaona vitu lakini huoni rangi zake. Mama aliniambia nimwite Aino aje ale chapati ya kwanza. Hakuwa chumbani wala kwa ng'ombe. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikatazama shambani.

Chini kabisa, penye mstari wa mwisho wa kahawa, palikuwa na mwanga mdogo wa manjano. Haukuwa unatembea kama tochi. Ulikuwa umetulia mahali pamoja, na nilijua ni mahali gani.

Sikufikiria Aino hata kidogo. Nilifikiri ni Ndirangu. Nilifikiri amechoka kungoja kusamehewa, ameamua kuja kuomba mwenyewe. Nikapiga ukelele ambao baba alisema baadaye aliusikia hata kupitia redio.

Walitoka wote. Baba alitangulia, mama nyuma yake na unga mikononi, mimi nimeshika nguo yake, na Shosho nyuma na fimbo yake. Aino alikuwa amepiga magoti pale. Alikuwa ameng'oa nyasi zote kwa mikono, ameusimamisha msalaba na kuukaza kwa jiwe, na juu ya kituta ameweka chupa ya jemu yenye mshumaa wetu wa siku za kupotea kwa stima.

"Zima!" Shosho akapaza sauti. Alikuwa amesimama juu, kabla ya mstari wa mwisho, na hakutaka kuuvuka. "Zima hiyo kitu! Mtoto anatuitia nini? Baba Nyambura, kesho asubuhi umpigie Wangari simu. Huyu arudi kwa mamake. Kesho!"

Aino hakumtazama. Alimtazama mama.

"Nilikukataza," mama akasema.

"Ulisema mezani. Mezani si kaburi." Akaonyesha chupa. "Huu ni wa baba yangu. Nimemwomba yeye nafasi." Aligusa kile kituta kama unavyogusa bega la mtu. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile aliyoombea chumvi, "Kwa nini yeye hana wake? Ni kwa sababu ya makosa?"

"Makosa gani?" mama akasema.

"Nyambura anasema alifanya makosa makubwa. Ndiyo maana hatajwi."

Nimeona watu wakipata habari mbaya tangu siku hiyo. Lakini sijaona tena uso ukipigwa namna ile bila mkono kuugusa. Mama alinigeukia. Nilijua jina langu limekwisha.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna mtu," nikasema. "Nilijua tu. Kama baba mdogo, Githinji."

Mama alikaa chini. Hakuinama wala kupiga magoti. Alikaa kwenye udongo na nguo zake za sikukuu, akanivuta mpaka nikawa mapajani, mimi mtoto mkubwa wa darasa la tatu.

"Ndirangu," akasema, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. "Ndirangu alishikwa na kifua. Kilimbana sana, tukamkimbiza hospitali, na hakurudi. Alikuwa anapenda kuku. Alikuwa anawapa majina. Hakuwa na kosa, Nyambura. Hata moja. Hata lile la mtoto la kuiba sukari, alikuwa anakuja kuniambia mwenyewe."

"Na kwa nini hatajwi?"

Alitazama mshumaa. "Watu walikuwa wananiita Mama Ndirangu," akasema. "Huko kanisani, sokoni, kila mahali. Tulipomzika, kila nikiitwa nilikuwa naanguka. Nikawaomba waache. Wewe ulikuwa hujajua kutembea. Wakaanza kuniita kwa jina lako, nikaona nikilitaja lake tena sitaweza kukulea."

Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote nikidhani kwamba mama alikuwa Mama Nyambura tangu mwanzo, kama vile mlima ni mlima. Sikujua kwamba niliwekwa mahali pa mtu. Mama alikuwa analia sasa, bila sauti, na unga wa chapati ulikuwa umempaka shavuni.

Ndipo Aino alipolia. Ilianza kama kikohozi, halafu ikawa sauti ambayo sikufikiri mtoto mkimya vile anayo. Alilia kwa Kifini. Alikuwa anasema neno moja tena na tena, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Baba alinyoosha mikono kumchukua, lakini kuna mtu alikuwa amemtangulia. Shosho alikuwa ameuvuka ule mstari. Sikumwona akipita. Nilimwona tu akiwa tayari pale, fimbo imeanguka, Aino amebanwa kifuani mwake ndani ya leso.

"Lia, mama, lia," alikuwa anamwambia. "Lia yote." Alipotulia kidogo, Shosho akauliza, "Babako aliitwa nani?"

"Antti."

"Andi," Shosho akasema. Alijaribu tena, ikatoka vile vile. "Haya. Andi." Akatazama ile chupa ya jemu. "Na huu mshumaa wako ni wa watu wangapi?"

Aino alipangusa pua, akafikiri, kwa sababu ameulizwa swali na swali linataka jibu. "Wa mmoja," akasema. "Lakini wengine wanaweza kukaa karibu."

Kule juu chapati zilikuwa zinaungua, tulisikia harufu, na hakuna aliyesogea.

"Basi mweke Wachira karibu," Shosho akasema.

Baba aligeuka. "Wachira? Babu?" Maana Wachira lilikuwa jina la babu yake, aliyemzaa baba yake, mzee aliyefariki na mvi zake.

"Si babu yako. Kaka yako."

"Mimi sina kaka mkubwa, mama. Mimi ndiye wa kwanza."

"Wewe ni wa pili," Shosho akasema. "Wachira alikaa miezi michache tu. Niliambiwa nisilie, nitawazuia wengine kuja. Kwa hivyo sikulia."

Kwetu majina hayachaguliwi, yanarithiwa. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu aliyemzaa baba. Wa pili anapewa la babu aliyemzaa mama. Baba alijulikana kijiji kizima kama kifungua mimba wa Shosho, na alikuwa amebeba jina la babake Shosho. Wazee wote walijua maana yake. Yeye alikuwa amezunguka nalo maisha yake yote, jina la wa pili, watu wakimvulia kofia, na hakuna aliyemwambia.

"Ndiyo maana mimi ni Karanja," baba akasema polepole.

"Ndiyo maana."

Alisimama pale akiwa amefungua mdomo kidogo. Msimamizi wa kiwanda, mtu ambaye hata mvua ikimnyeshea hutembea tu, hakimbii.

"Sasa usisimame hapo," Shosho akamwambia. "Nenda kwa nyumba ulete mishumaa. Huyu Ndirangu apate wake, na kaka yako apate wake. Mbio, upepo unakuja."

Na baba akakimbia. Alipandisha ile njia katikati ya kahawa na koti lake la kazini, viatu vikiteleza, kofia ikadondoka kwenye udongo, na hakurudi kuiokota.